Ule Mama Akiona Kivuli

Papa,

Kabla Tante Justine, dada yako, hajakufikishia habari kwa rozari zake, acha nikuambie mwenyewe: nilimfukuza Maman Vumilia, msaidizi wako, kwenye pepinyeri yako ya miche. Nilimfukuza mbele ya watu wa shirika, jumuiya yetu ya kanisa, baada ya sala, watu bado wameshika vitabu vya nyimbo. Nilimwita mtu wa karuho. Najua ungenitazama vipi. Hapa kwetu mtu akishapewa jina la sumu hiyo, hata majirani waliokula kwake miaka kumi wanaanza kukumbuka matumbo yaliyowahi kuwauma.

Usikasirike bado. Nisikilize mpaka mwisho, kisha ukasirike kwa utaratibu, kama ulivyokuwa ukifanya, kofia mkononi.

Nakuandikia nikiwa nimekalia bidoni lako la kunyweshea, pembeni ya platibandi ya nyuma, kile kitalu chako cha miche. Ni Jumanne, saa tisa mchana. Mvua imepita, jua limetoka, na huko chini mto Ruzizi unasikika kama kawaida. Imepita miezi mitatu na siku kadhaa tangu tukuzike. Bawaba ya mlango wa uzio imevunjika, nimeifunga kwa waya. Redio yako inashika stesheni moja tu. Watu wa Panzi siku hizi wanasalimiana kwa sauti ndogo, na mtu akiuliza unatoka wapi, kwanza unamwangalia viatu, kama ni vya askari. Kwa hiyo usidhani ni mimi peke yangu niliyeanza kushuku. Ila mimi nilianza mapema kuliko wote, hilo nakubali.

Ulikuwa unaniita OPJ. Mtoto wa miaka minane, na tayari baba yake anamwita mpelelezi wa polisi, kwa sababu nilinusa mkate kabla ya kula na kuhesabu samaki wa sambaza kwenye sahani ya kila mtu. "OPJ wangu, leo umekamata nani?" Ulikuwa unacheka. Mimi nilikuwa nachukulia kwa uzito kabisa, Papa. Nilidhani ni kazi umenipa.

Basi nikuelezee dosie hii, faili la kesi yangu, kama ilivyokwenda.

Siku ya pili ya msiba, jua liliwaka vibaya, halafu mvua, halafu jua tena. Bashi ya parokia, lile turubai la misiba, ilikuwa imekwenda kwenye msiba mwingine huko Bagira. Wazee wa kwenu walikuwa wamekaa wazi, wanajifunika vichwa kwa majani ya migomba, na mimi mtoto wako mkubwa naona aibu. Nikatazama huku chini, nikaona hangari zako zile tatu juu ya miche: miti mizuri imesimama, matete yamefumwa, magugu ya kivuli yamepangwa juu. Nikawaambia wajomba: bomoeni zile mbili za mbele, tujengee watu mahali pa kukaa. Niliona ni jambo zuri. Kivuli cha Papa kiwafunike waliokuja kumlilia Papa. Hata machozi yalinitoka kwa jinsi nilivyoona ni jambo zuri.

Maman Vumilia akapanda mbio kutoka kwenye pepinyeri, matope mpaka magotini, akasimama mbele ya wajomba amefungua mikono. "Musitoshe ile kivuli! Papa yenu hawezi itika!" Mimi nikamtazama. Nikajiuliza, huyu mwanamke ni nani hata awanyime watu wa msiba kivuli? Anaficha nini pale chini? Wajomba walimzunguka, wakabomoa. Na baada ya mazishi, yale matete na magugu hayakurudi. Yaliishia jikoni, chini ya sufuria za maharagwe.

Ilibaki hangari moja, hii ya nyuma ninapokaa sasa. Waliiacha kwa sababu miti yake ilikuwa imeoza, haifai kujengea.

Ukumbuke tayari nilikuwa na neno moyoni kuhusu Maman Vumilia. Daktari alisema ni foa. Ini lako, alisema, limeharibika zamani. Tante Justine alisimama pale koridoni mwa hospitali na kusema, "Foa gani? Mutu alikunywa uji kwa ule mama ni siku tatu tu, leo amekufa, munaniambia foa?" Na ilikuwa kweli, ulikunywa uji wa mtama kwake. Mimi mwenyewe nilikuona na lile bakuli la bluu.  Niliweka jambo hilo pembeni, kama ninavyoweka kila kitu.

Na kulikuwa na jambo la zamani zaidi.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mama alinituma nikuletee bugali na sombe ya majani ya mihogo. Nilipita njia ya nyuma, nyuma ya matete, ili nisikanyage sashe, ile mifuko ya plastiki yenye mbegu mpya. Nikasikia sauti yako ndani ya hangari. Ulikuwa unasema, "Ule mama akiona kivuli, anapitaka tu. Haingiake." Halafu Maman Vumilia akacheka. Unakijua kicheko chake, kile kinachoanzia tumboni. Mimi nikasimama na sahani mikononi. Kila asubuhi Mama alikuwa anapita hapa juu barabarani akienda sokoni na kapu lake. Alikuwa anapita tu, ni kweli. Alikuwa haingii. Na ninyi wawili mko kivulini, mnacheka.

Nikaweka sahani juu ya jiwe, nikaifunika na jani, nikaondoka. Jioni uliniuliza kwa nini sikukuita. Nilisema nilikuona umeshughulika.

Kwa hiyo wiki ya nne baada ya mazishi, vichwa vya miche vilipoanza kufa, dosie yangu ilikuwa tayari nene.

Ni wale libuyu, Papa, ile miti yako ya mbao. Mbegu ulizookota mwenyewe huko kijijini Miti, chini ya ule mti mkubwa wa pembeni ya msitu ambao sasa umegeuka makala ya kupikia. Ulisema hakuna mbegu nyingine za mti ule, ni hizi tu. Asubuhi nakuta mche uliokuwa umesimama jana, leo kichwa kimeinama, majani machanga yamelegea. Shina chini ni zima, majani ya zamani ni mazima. Kichwa tu ndicho kimekufa. Kesho yake mitatu. Kesho kutwa nikaacha kuhesabu. Na yote ni ya platibandi mbili za mbele. Platibandi ya nyuma ilikuwa imetulia, haina hata jeraha.

Nikaanza upelelezi. Mbuzi wa jirani? Mbuzi hachagui vichwa, anakula mche mzima na sashe yake. Mjomba anayetamani kiwanja hiki? Huyo hawezi kuinama, mgongo unamuuma. Basi nikajificha nyuma ya choo saa kumi na mbili asubuhi, nimejifunga kitenge kichwani kama mwizi. Na nikamwona. Maman Vumilia anapita katikati ya miche, ameinama, mkononi ana wembe. Anashika kichwa cha mche, anakata. Anakitia kwenye kopo la maziwa, anafunika. Anakwenda kwa mwingine, anakata.

Nitakuambia ukweli wote, Papa: nilifurahi. Miaka kumi na tisa nilikuwa nimeshuku, na sasa nimemkamata na wembe mkononi.

Tante Justine nilipomweleza, alipiga makofi mara moja. "Alianza na mutu, sasa anamaliza miti." Nikauliza, kwa nini basi ameiacha platibandi ya nyuma? "Ile njo anatakaka kubeba kwake." Ikawa na maana kabisa. Nashangaa sasa jinsi kila kitu kilivyokuwa na maana.

Alhamisi, shirika lilikuja kusali kwetu. Baada ya baraka ya mwisho nikasimama na lile kopo. Nilikuwa nimelichukua kwenye kona anapowekea jembe lake. Nikalifungua mbele ya watu, nikawaonyesha vichwa vya miche, vingine vibichi bado. Nikasema yote. Uji, bakuli la bluu, wembe. Ya hangari na Mama sikuyasema, hayo nilibaki nayo.  Yule mzee anayeongoza nyimbo alisogeza kiti chake mbali na cha Maman Vumilia, kidogo tu, lakini kila mtu aliona.

Na unajua yeye alisema nini? Hakulia, hakuapa. Alisema, "Pasua ndani uone." Mara mbili. "Nabintu, pasua ndani uone." Mimi nikaona ni ujeuri. Nikalifunga kopo nikamwambia asikanyage tena hapa. Aliweka kitambaa chake kichwani sawasawa, akatoka. Kesho yake jirani aliniambia amechukua moto, pikipiki ya kukodi, na mzigo mmoja, amekwenda kwa dada yake huko Mumosho.

Nikangoja miche ipone.

Haikupona. Vichwa viliendelea kufa, na sasa vilikufa vingi zaidi. Nikasema anarudi kwa siri. Nikamwaga majivu kwenye njia yote, kutoka kwenye mlango mpaka kwenye platibandi, ili nione nyayo. Asubuhi nilikuta nyayo za kuku na zangu mwenyewe. Nikasema amemtuma mtu. Nikawashuku watu ambao nikikutajia utacheka, mmoja wao ni katekista.

Hapo ndipo kopo lilipokuja. Lilikuwa dirishani jikoni, limefunikwa, wiki tatu, kama ushahidi. Jumamosi moja nilikuwa natafuta chombo cha chumvi. Nikalitikisa, nikasikia kitu kinapiga mle ndani, polepole. Nilikaribia kulitupa. Nikaona, hii karuho yenyewe sasa iko hai. Lakini unanijua, siwezi kuacha kitu bila kukitazama. Nikafungua.

Kipepeo alitoka. Wale wa usiku, ambao vitabuni wanaitwa nondo, wa rangi ya majivu na kahawia, mdogo, mbaya, hapendezi. Akatua ukutani juu ya jiko. Chini ya kopo kulikuwa na wengine wawili wamekufa, na vichwa vya libuyu vimekauka, na katikati ya kila kichwa tundu lenye unga mwekundu. Nikachukua kisu nikapasua kimoja. Kilikuwa kimechimbwa ndani chote, njia imepita katikati ya shina kama barabara, na mwisho wake kifuko cheupe kitupu.

Nikashuka mbio huku, kisu mkononi, bila viatu. Nikapasua kichwa kilichokuwa kimeinama asubuhi ileile. Ndani yake kuna funza, mnene, anakula. Nikapasua kingine. Funza. Maman Vumilia alikuwa anakata vichwa ili kuwatoa hao kabla hawajashuka mpaka kwenye shina. Wembe ule ulikuwa dawa. Alikuwa anarekebisha kosa na hakunitajia ni kosa la nani.

Nikaja hapa nyuma, chini ya hangari iliyooza. Kivuli, baridi kidogo, magugu yananuka unyevu. Miche imesimama yote. Ni midogo kuliko ile ya mbele, ni myembamba, lakini ina vichwa vyake. Nilisimama pale na kisu, na ndipo nikakusikia, Papa, sauti yako ya miaka kumi na tisa iliyopita, wazi kabisa. Ule mama akiona kivuli, anapitaka tu. Haingiake.

Ule mama.

Nilikaa chini kwenye matope.

Ulikuwa unamwongelea kipepeo. Unamwita mama kwa sababu anatafuta mahali pa kuweka mayai yake. Anataka kichwa kichanga kilichopigwa na jua, kinachokua haraka, kilaini, ili watoto wake wapate chakula. Akikuta kivuli anapita, anakwenda kwingine kujifungulia. Ndiyo maana ulifunika libuyu tu, na mikaratusi uliiacha wazi. Miaka yote hiyo nilidhani hangari ni ya kuzuia jua lisichome majani.

Lakini OPJ haamini sauti peke yake. Hata yako. Hapo hapo nilishuku tena: labda najidanganya, labda ni bahati ya platibandi ya nyuma, labda udongo wake ni mwingine. Nikachukua platibandi moja ya mbele, nikaigawa katikati. Nusu nikaijengea hangari mpya, matete na magugu kama ulivyokuwa ukipanga, jua lipite vipande vipande. Nusu nikaiacha wazi. Vichwa vyote vibovu nikavikata pande zote mbili kwa wembe, nikavichoma. Halafu nikangoja wiki tatu, kila asubuhi nageuza majani, natafuta vijiyai, natazama vichwa vipya vinavyochipuka.

Upande wa jua vilianza kuinama tena. Upande wa kivuli nilikuta michache sana iliyoguswa, na yote iko pembezoni, pale jua la asubuhi linapoingia. Nilipasua hata hiyo. Funza yuleyule.

Basi nimekamata mtu, Papa. Aliyevunja hangari ni mimi. Nilimfungulia ule mama mlango, nikamkaribisha, halafu nikamfukuza aliyekuwa anafagia nyuma yake.

Na sasa nifikie lile nililokuwa nalizunguka tangu mwanzo wa barua hii. Nimekwisha kusimama mara mbili kwenda kumwagilia miche ambayo imelowa.

Siku ile ya sahani ya bugali, nilikuambia sikukuita kwa sababu nilikuona umeshughulika. Ila jioni, Mama alikuwa anachagua maharagwe kwenye lungo, na mimi nikakaa karibu naye. Nikamwambia nilichosikia. Nikamwambia neno kwa neno, na kicheko nikakiiga.  Mama aliendelea kuchagua maharagwe mpaka yakaisha, akayarudisha kwenye lungo, akaanza tena kuyachagua.

Tangu siku ile alibadilisha njia ya soko. Alipitia juu kwa masista, akazunguka kilima chote na kapu kichwani. Hakukanyaga tena hapa. Maman Vumilia alipomsalimia kanisani, aliitikia kwa shingo. Na wewe ulikuwa unatuuliza, sisi watoto, "Mama yenu amechoka na miti?" Uliniuliza mimi, Papa. Zaidi ya mara moja. Nilikuwa najua jibu, na nilidhani nakuadhibu kwa kunyamaza.

Ulimchongea kiti cha libuyu, akakiweka chumba cha wageni, hakukikalia. Mpaka alipokufa hakukuambia kwa nini. Alikufa akiamini, na wewe umekufa hujui. Mliishi miaka kumi na mitano katika nyumba moja na neno langu katikati, na neno lenyewe lilikuwa la mdudu.

Ninaona haya kuliandika. Nimeliandika.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Mumosho. Nilimkuta Maman Vumilia nyuma ya nyumba ya dada yake, anamenya mihogo. Hakusimama. Hakuniambia karibu. Nikakaa kwenye jiwe nikamweleza yote, kopo, kipepeo, nusu ya jua na nusu ya kivuli. Alikuwa anamenya tu. Nilipofika kwa habari ya ini lako, alisema ulimwambia tangu mwaka jana, na yeye ndiye aliyekuwa anakusindikiza kwa daktari siku ulizosema unakwenda Kamanyola kutafuta mbegu. "Papa yako alinikataza kusema." Na ule uji? Nilimuuliza, Papa. Hata pale niliuliza, siwezi kujizuia. Alijibu kwamba sufuria ileile waliimaliza wajukuu wake.

Kisha nikamwambia ya Mama. Kisu kilisimama.  Aliniambia miaka yote hiyo alikuwa akijiuliza alimkosea nini Mama. Aliwahi hata kumpelekea kuku wa kuomba msamaha bila kujua wa nini, na kuku alirudishwa. Akasema kwa sauti ndogo, "Kipepeo, Nabintu?" Nikasema ndiyo. "Kipepeo." Akafuta uso kwa mgongo wa mkono, mkono wenye kisu, nikaogopa ataumia.

Alikwenda ndani akaleta maji kwenye kikombe cha plastiki. Alisimama mbele yangu, akanywa kwanza yeye, nusu, akanipa nusu iliyobaki. Unajua anayekupa kinywaji kwetu huonja kwanza ili uone hakuna kitu ndani. Sikumwomba aonje. Hakuna mtu aliyemwomba. Alionja kwa sababu mimi nimemfanya awe mtu wa kuonja. Nilikunywa yote, Papa.

Nilimwomba arudi. Nilimwambia miche yako inamhitaji, wembe wangu mimi unakata vibaya. Alikataa. Alisema neno moja tu na akarudi kwenye mihogo. "Ni mu shirika njo ulisemea. Ni mu shirika utasemea tena."

Ana haki. Nami nimejaribu kutafuta njia nyingine, nisikufiche. Nilifikiria kumwomba padri aseme badala yangu. Nilifikiria kuandika barua isomwe. Tante Justine ananiambia niache, watu watasahau, tena ananitazama siku hizi kama amenusa kitu: anasema ule mama wa Mumosho atakuwa amenipa kinywaji. Nimemjibu ndiyo, amenipa, maji, na alionja. Anapiga ishara ya msalaba kila ninapopita. Sasa najua mtu anayeshukiwa anavyotembea uani mwake mwenyewe.

Shirika ni Alhamisi, saa kumi, tena ni kwetu. Nimeamua hivi. Nitasimama pale pale niliposimama na kopo lile lile. Ndani nitakuwa nimeweka vichwa vya libuyu vya asubuhi ile, vilivyoinama, na kisu kidogo. Nitampa yule mzee wa nyimbo, aliyesogeza kiti, apasue mwenyewe. Halafu nitasema mbele ya wote kwamba Maman Vumilia hakumpa mtu sumu, aliyepeleka sumu katika nyumba hii ni mimi, nilikuwa na miaka kumi na sita, na tena nilikuwa na thelathini na mitano. Nitataja na ya Mama. Niliyaficha mara ya kwanza, na kama nikiyaficha tena watu watabaki na kipande cha kuchezea.

Naogopa. Nitasema tu naogopa. Nimejaribu kulisema kwa sauti hapa, na wanaonisikia ni miche peke yake.

Kama wakikubali, Ijumaa nitapanda moto kwenda Mumosho kumchukua. Kama asipotaka kuja, nitarudi Ijumaa nyingine. Hangari zote tatu zimesimama, nimemaliza ya mwisho leo asubuhi, magugu bado mabichi. Utaziona zimepinda upande, usinicheke.

Nakuomba kitu kimoja, Papa, na hiki siwezi kukifanya mwenyewe, ningekiweza nisingekusumbua. Kama huko mlipo mmekutana na Mama, usingoje aulize. Hatakuuliza, unamjua. Mtafute alipokaa. Mwambie ule mama alikuwa kipepeo. Mwambie ni Nabintu aliyesikia vibaya. Mwambie alikuwa anaweza kupita njia yake ya zamani siku zote, na kuingia.

Lala vizuri, Papa. Alhamisi, saa kumi, nitasimama.

Ni mimi,
OPJ wako